Takwimu za Ziwa Zirudi Mwaloni

Mhadhara wa wazi uliotolewa Bunda mjini

 

Nimeombwa nizungumzie ushirikiano wa mataifa katika kukusanya na kugawana takwimu za bahari. Kutoka hapa hadi pwani ni zaidi ya kilomita elfu moja za barabara, na bila shaka wapo waliojiuliza bahari inawahusu nini watu wa Ghuba ya Speke. Inatuhusu. Maji tunayochota Kibara na Kisorya hutoka ziwani pale Jinja, Uganda, hufuata Mto Naili, na yale yasiyopotelea njiani huishia Bahari ya Mediterania. Zaidi ya hapo, nchi tatu zinazozunguka ziwa letu la Victoria zimeshapitia, tena kwa uchungu, yale yote ambayo mataifa ya bahari yanahangaika nayo hadi leo: nani apime, apime kwa kipimo gani, daftari likae wapi, nani aruhusiwe kulifungua, na gharama alipe nani.

Jambo langu jioni hii ni moja. Takwimu za maji ya pamoja huanzia kwa mtu aliye mwaloni. Zisiporudi kwake, mikataba ya mataifa hubaki makabatini, na yeye huacha kusema kweli. Mengine yote nitakayosema ni ushahidi wa hilo.

Tuangalie kwanza tarakimu inavyozaliwa. Ni asubuhi Kibara, siku ambayo mkusanya takwimu yuko kazini. Mtumbwi unaingia. Yeye hajiamulii mtumbwi wa kupima, maana sampuli imepangwa mapema kwa bahati nasibu. Anaandika namba ya usajili iliyopakwa ubavuni, anaandika kama chombo kinakwenda kwa kasia, kwa tanga au kwa mashine, na kina watu wangapi. Anauliza walikwenda na nyavu za makila, ndoano au wavu wa dagaa; vipande vingapi, macho ya inchi ngapi, na walikaa majini saa ngapi. Halafu mzani: sangara peke yao, sato peke yao, dagaa kwa ndoo, furu waliochanganyika. Mwisho anaandika bei. Mvuvi amekesha na anataka kulala. Mchuuzi anavuta upande wake, na dalali ameshaanza kunyanyua samaki kabla hawajafika mzanini. Mkusanya takwimu aliye mgeni pale huandika anachoambiwa. Aliye mtu wa pale anajua hata ni nani aliyeshusha nusu ya samaki wake usiku, kwenye boti ya mnunuzi katikati ya ziwa.

Tangu 2005 fomu hiyo imelinganishwa kwa nchi zote tatu. Maswali anayoulizwa mvuvi wa Kibara ndiyo anayoulizwa mvuvi wa Homa Bay nchini Kenya na wa Masese kule Jinja. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo. Mimi naliona kuwa kubwa kuliko hotuba nyingi za mawaziri, kwa sababu tarakimu zilizokusanywa kwa maswali tofauti haziwezi kujumlishwa, na ziwa lisilojumlishwa halina anayejua limebakiza nini.

Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Tanzania ina karibu asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6. Mpaka umechorwa kwenye ramani kwa mstari ulionyooka, na sangara hajawahi kuonyeshwa. Huzaliana kwenye ghuba, hukua, hufuata dagaa na dagaa-kamba, huvuka na kurudi. Mvuvi naye humfuata. Samaki aliyevuliwa maji ya Tanzania akauzwa Sori huingia kwenye daftari la Kenya. Ndiyo maana kwa miaka mingi sehemu ya Kenya katika mavuno ya ziwa imeandikwa kubwa kuliko sehemu yake ya maji. Aliyesoma daftari la nchi moja tu amesoma kurasa chache za kitabu kizima.

Wakoloni walilitambua hilo mapema, kwa maslahi yao. Mwaka 1947 walianzisha Jinja taasisi moja ya utafiti wa uvuvi kwa Afrika Mashariki nzima, ambayo baadaye ilijulikana kwa kifupi cha EAFFRO. Mwaka huo huo wakaunda idara moja ya uvuvi ya Ziwa Victoria, iliyokuwa na sheria moja ya nyavu na wakaguzi wake. Idara ile ilivunjwa 1960 na kila nchi ikaanza kujitungia sheria. Taasisi ya Jinja ilibaki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoundwa 1967 na Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, pamoja na Mzee Kenyatta na Obote, taasisi hiyo ikawa mali ya nchi zetu wenyewe.

Kati ya 1969 na 1971 taasisi hiyo, ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa, ilifanya kazi ambayo haijawahi kufanyika kabla yake. Meli yake ya utafiti, Ibis, ilivuta nyavu za kukokota chini ya maji katika ziwa zima bila kujali mpaka wa nchi. Matokeo yalichapishwa na A. W. Kudhongania wa Uganda pamoja na Almo Cordone. Yalionyesha kwamba karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini walikuwa furu, wale wadogo tuliokuwa tukiwakausha na kuwatunga kwenye njiti. Sangara, ambaye alikuwa amepandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, alionekana kwa uchache tu.

Mali bila daftari huisha bila habari. Wahenga walikuwa wakisema juu ya duka na mifugo, lakini angalieni yaliyofuata.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Wenye umri wangu wanakumbuka ndege, reli na posta vilivyogawanywa, na mpaka wa Kenya uliofungwa. Wachache wanakumbuka kwamba utafiti wa ziwa nao uligawanywa. Jengo na maktaba vilibaki Jinja. Kenya ikaunda taasisi yake, KMFRI, mwaka 1979, na sisi tukaunda TAFIRI mwaka 1980. Kila mmoja akaanza na meza tupu, vyombo vichache na lugha yake ya kuhesabu. Na miaka hiyo hiyo, kana kwamba alisubiri tugombane, sangara akalipuka.

Alilipukia Kenya kwanza, karibu na mwaka 1980. Uganda ikafuata baada ya miaka michache, na huku kwetu ikawa katikati ya miaka ya 1980. Hapo ndipo moyo unapouma. Wenzetu wa Kisumu walikuwa wameshaona furu wakitoweka nyavuni, bei zikigeuka, mitego ikibadilika, viwanda vikianza kuulizia minofu. Yote hayo yalikuwa yanakuja kwetu, na tulikuwa na miaka kadhaa ya kujiandaa. Lakini hapakuwa na meza moja ya kuwekea daftari. Kikao cha nchi tatu kuhusu uvuvi wa ziwa kilipatikana tena mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, nacho kilikuwa cha kushauriana tu.

Sisemi kwamba takwimu zingemzuia sangara. Akishaingia majini, samaki yule hazuiliki kwa karatasi. Nasema kwamba tungejua. Serikali ingejua kabla ya wenye viwanda. Wanavijiji wangejua kwamba furu wanaondoka, na watoto wa Mwibara huku kwetu watahitaji kitoweo kingine kwa sababu sangara ataliwa Ulaya. Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na kwamba labda 200 zimepotea. Nyingine zilipotea kabla hazijapewa jina na mtu yeyote wa sayansi.

Tunajua kiasi hicho kwa sababu kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilianza kazi kwenye Ghuba ya Mwanza mwaka ule ule wa 1977, kikishirikiana na Watanzania. Walivua, wakahesabu, wakahifadhi samaki kwenye pombe, wakaendelea hadi furu walipowaishia mikononi. Kazi yao ni hazina. Lakini furu wengi waliohifadhiwa wako Leiden, na kijana wa Bunda anayetaka kumwona samaki aliyekuwa mboga ya bibi yake anahitaji viza. Silaumu, wasingewachukua, pengine wasingekuwepo popote. Nasema tu kwamba ugawanaji wa takwimu una pande mbili, na upande wa kurudisha ndio ambao dunia inauchelewesha kila mara.

Tulirudiana taratibu. Tarehe 30 Juni 1994, mjini Kisumu, nchi tatu zilisaini mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, makao yake yakiwa tena Jinja. Tazameni mwaka huo: Jumuiya mpya ilikuwa bado haijasainiwa, mkataba wake ulikuja Novemba 1999. Ziwa liliwakutanisha viongozi kabla ya siasa kuwakutanisha. Tangu 2000 nchi zote zinawahesabu wavuvi, mialo, vyombo na zana, mwalo kwa mwalo, kwa utaratibu wa kila baada ya miaka miwili. Mwaka huo wa kwanza walihesabiwa wavuvi karibu 129,000. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 walikuwa wamepita 200,000. Ziwa ni lile lile.

Upo na upimaji wa samaki kwa sauti, ambao nataka vijana wauelewe vizuri. Chini ya meli ya utafiti hufungwa chombo kinachotuma mlio kuelekea chini na kusikiliza mwangwi. Maji hayarudishi mlio, nyama ya samaki hurudisha kidogo sana. Kinachorudisha sauti kwa nguvu ni kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara, yaani bondo. Naam, bondo lile lile linalouzwa kwa bei ya juu kupelekwa China ndilo linalomwezesha mtaalamu kumsikia sangara akiwa kwenye kina cha mita 60. Meli hukata mistari ziwa zima, na kompyuta hubadilisha mwangwi kuwa tani. Kwa njia hiyo ilionekana kwamba sangara walipungua kutoka zaidi ya tani milioni moja mwaka 1999 hadi chini ya tani 400,000 mwaka 2008, huku dagaa wakiongezeka. Mistari ile haiwezi kukatwa bila ruhusa ya nchi zote tatu. Mmoja akikataa, kunabaki shimo katikati ya ramani, na hakuna hesabu ya kulijaza.

Njia hiyo ina upofu wake. Meli kubwa haiingii kwenye maji mafupi, kwenye matete na mafunjo ya Ghuba ya Speke, ambako sato hujenga na sangara wadogo hulelewa. Huko macho ya sayansi ni ninyi. Kasoro nyingine ni ya pesa. Upimaji ulianza kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Mradi ulipoisha 2002, meli haikukata mistari hiyo tena hadi 2005. Samaki hawakuacha kuzaliana wala kuvuliwa miaka hiyo, ila sisi ndio tulioacha kusikiliza. Serikali tatu zinazofaidika na minofu inayopanda ndege hazipaswi kumngoja mfadhili ili zijue zimebakiza samaki wangapi. Hilo nalisema bila kupunguza makali.

Sasa niwapeleke kwenye kimo cha maji. Vipimo vya kimo cha ziwa hili vinaanzia 1896 upande wa Uganda. Ni moja ya kumbukumbu ndefu kuliko zote barani kwa maji ya namna hii. Ndizo zinazotuambia kwamba mvua za uhuru, zile za mwisho wa 1961, ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Wazee mnakumbuka mashamba yaliyozama. Mei 2020 rekodi ya 1964 ilifikiwa na kupitwa kidogo, na mialo kuzunguka ziwa lote ikahamia kwenye migomba na mahindi ya watu.

Bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilikamilika Jinja mwaka 1954. Tangu hapo mlango wa ziwa uko mkononi mwa binadamu. Yalikuwepo makubaliano ya kiasi cha maji ya kuachia kulingana na kimo, ili mto uende kama ungekwenda wenyewe. Lakini mwaka 2005 na 2006 ziwa lilishuka mno, likafika kimo ambacho kilikuwa hakijaonekana tangu miaka ya 1920. Boti zilikwama, mabomba ya maji ya miji yakabaki juu. Kila upande ulikuwa na maelezo yake. Wengi walisema ni ukame, na ukame ulikuwepo kweli. Takwimu za maji yaliyoachiwa bwawani hazikuwa zikitolewa kwa urahisi. Baadaye wataalamu wawili wa haidrolojia, Sutcliffe na Petersen, walipiga hesabu wakaonyesha mwaka 2007 kwamba karibu nusu ya mshuko ilitokana na maji kuachiwa kupita kiasi cha makubaliano.

Na hapa ndipo bahari inapoingia Bunda. Mwaka 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti ya TOPEX/Poseidon, iliyokusudiwa kupima uso wa bahari. Njiani ilipita juu ya Ziwa Victoria, nalo likapimwa, na warithi wa setilaiti hiyo wanaendelea kulipima. Tarakimu zake ziliwekwa wazi kwa yeyote. Hivyo, wakati wa mabishano ya 2005, mwanafunzi popote duniani aliweza kuona ziwa letu likishuka bila kuomba kibali cha ofisi yoyote ya Kampala, Dodoma au Nairobi. Takwimu iliyo wazi humpa nguvu aliye mnyonge mezani, na katika mabishano ya maji, aliye mnyonge mezani ni mwanakijiji wa ufukweni.

Watu wa bahari wamelijua hili kwa muda. Ndani ya UNESCO ipo Tume ya Kiserikali ya Bahari, nayo tangu 1961 ina mpango wa kubadilishana takwimu za bahari kati ya nchi. Mwaka 2003 wanachama walikubaliana sera ya kutoa takwimu hizo kwa wakati, bure, bila vikwazo. Leo vyombo karibu 4,000 vya mpango wa Argo vinaelea baharini, vinazama hadi kilomita mbili, vinapanda vikipima joto na chumvi, na ndani ya saa 24 karibu tarakimu zote huwa wazi kwa kila mtu, awe ofisa wa jeshi la maji la Marekani au mwalimu wa Pemba. Bahari ya Hindi ilijifunza kwa msiba. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilipiga Sumatra. Bahari ya Pasifiki ilikuwa na mfumo wa kuonyana kuhusu tsunami tangu miaka ya 1960. Yetu haikuwa nao. Wimbi lilisafiri kwa saa nyingi kuja huku, na bado lilikuta watu majini: Somalia ilipoteza mamia, na watoto wetu walikufa Dar es Salaam. Kenya, iliyopata habari kwa vyombo vya habari, iliondoa watu ufukweni na kuokoa wengi. Saa zilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kupeleka tarakimu hadi kwa mtu anayeogelea. Mwaka uliofuata mfumo wa Bahari ya Hindi ukaanzishwa.

Ziwani hatuna tsunami ya namna hiyo, tuna upepo na radi. Mchana nchi kavu hupata joto na mawingu hujengeka juu ya milima ya Kenya na nyanda hizi. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa haraka, hewa hutiririka kutoka pande zote kuelekea ziwani, hukutana katikati, hupanda, na dhoruba kubwa huzaliwa juu ya maji kati ya usiku wa manane na alfajiri. Ni saa ile ile ambayo mvuvi wa dagaa, usiku wa giza, amewasha taa zake na kuvuta wavu. Upepo mkuu hutoka mashariki, hivyo mara nyingi dhoruba husogea kuelekea magharibi. Kwa sababu hiyo mtabiri wa Mwanza anahitaji kujua kilichotokea Kisii na Narok jioni, na ndugu zetu wa Ukerewe na Bukoba wanahitaji kujua kilichopita juu ya Bunda. Kila mmoja ni mashariki ya mwenzake. Anayeficha kipimo chake anamficha jirani hatari iliyokwisha kuanza safari.

Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa ziwani humu kila mwaka. Nasema makadirio, kwa kuwa hakuna daftari moja la ziwa zima la waliozama. Tunahesabu sangara kwa mwangwi, na hatujawahesabu maiti wetu kwa pamoja. Bunda haihitaji kuelezwa. Julai 30, 2023, hapo Mchigondo, mitumbwi ilizama na watu waliokuwa wakirudi kutoka ibadani, watoto wakiwemo, hawakufika nyumbani. Zaidi ya watu kumi. Sisemi kwamba utabiri ungewaokoa, sina haki ya kusema hivyo mbele ya wafiwa waliopo humu. Nasema tunadaiwa na marehemu wote wa ziwa hili jitihada ambayo bado hatujaimaliza.

Hata hivyo, jitihada hiyo imeanza. Kuanzia 2017, kwa mradi ulioitwa HIGHWAY chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani na fedha za Uingereza, mamlaka za hali ya hewa za nchi zetu zilianza kugawana picha za rada ya Mwanza na vipimo vingine, na kutoa utabiri wa ziwa kwa kanda, ukieleza upepo, mawimbi, mvua na radi. Mvuvi hahitaji grafu. Anahitaji kuambiwa kabla ya magharibi, kwa Kiswahili, Kijita au Kikerewe, kupitia redio au simu: usiku huu, upande huu, usivuke. Ujumbe unaoishia kwenye barua pepe ya wilaya haujatolewa.

Nitaje na Mto Mara, kwa ufupi. Machi 2022 maji yake upande wetu yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya uchunguzi ilisema chanzo kikubwa ni kinyesi na mkojo wa mifugo uliolundikana, na wananchi wengi hawakuridhika. Sitaki kuamua ugomvi huo hapa. Ninachotaka mkione ni kwamba Kenya na Tanzania zilikuwa zimeshasaini makubaliano ya kushirikiana kuhusu bonde la mto huo mwaka 2015. Kama hewa ya oksijeni ndani ya maji ingekuwa inapimwa kila siku kutoka Masai Mara hadi Kirumi, na tarakimu zikibandikwa mahali pa wazi, watu wangebishana wakiwa na kitu mkononi. Asiye na kipimo cha jana hawezi kuthibitisha leo kwamba ameharibiwa.

Najua kinachowazuia wengi wenu kusema kweli mbele ya fomu. Mnaogopa kwamba kilo mtakazotaja leo zitakuwa ushuru kesho, na macho ya nyavu mtakayotaja yataleta operesheni ya kuchoma nyavu wiki ijayo. Hofu hiyo ina historia, siidharau. Serikali nazo zina hofu ile ile zenyewe kwa zenyewe: Tanzania isiseme kila kitu kwa Kenya, Uganda isiseme kila kitu kuhusu bwawa. Dawa ya hofu zote mbili ni moja, nayo ni kuitenganisha kazi ya kuhesabu na kazi ya kukamata. Anayekuja na mzani asije na polisi. Na fomu aliyoijaza mvuvi isitumike kamwe kumshitaki mvuvi huyo.

Halafu turudishiwe. Kila BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, ibaki na nakala ya fomu zake. Kila mwalo uwe na ubao wenye matokeo ya ziwa zima, siyo ya wilaya peke yake: sangara wamekadiriwa tani ngapi, wamepungua au wameongezeka, wavuvi ni wangapi Kenya, wangapi Uganda, wangapi kwetu. Shule za sekondari zilizo karibu na maji zipewe nguzo ya kupimia kimo na kipimajoto, wanafunzi wasome kila asubuhi na kupeleka tarakimu kituo cha TAFIRI Sota, kule Rorya. Haigharimu kitu cha kutisha bajeti ya halmashauri. Mtoto aliyesoma kimo cha ziwa kwa miaka minne hatadanganywa na mtu yeyote kuhusu kupanda na kushuka kwake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipitisha Kiswahili kuwa moja ya lugha zake rasmi mwaka 2021. Ripoti za ziwa bado zinaandikwa kwa Kiingereza, huko Jinja. Basi hesabu ijayo ya wavuvi itakapofika Kibara, Kisorya, Nansimo na Guta, mjibuni mwenye fomu maswali yake yote, kwa ukweli, hata yale ya macho ya nyavu. Akimaliza, mwombeni matokeo ya hesabu iliyopita, kwa Kiswahili, ya nchi zote tatu. Akisema hayapo kwa Kiswahili, viongozi wa BMU waandike barua siku hiyo hiyo, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa Katibu Mtendaji wa LVFO, Jinja, na msiache kuandika hadi yaletwe.